Ulinganisho: njia ipi ya kuunganisha POS (programu ya kuuzia) ya kaunta na mfumo wa hesabu na stoo? (Mbeya + tawi Makambako)

DukaMwanjelwa
Wakuu salaam. Duka la bidhaa mchanganyiko Mwanjelwa, kaunta tatu, na tawi Makambako kaunta moja. Aina za bidhaa kama 2,600, nyingine za kupima (mchele wa Kyela, maharage, sukari). VAT tumesajiliwa. Keshia anauza kwenye POS, jioni mhasibu anachapa yote upya. Njia zilizoko mezani:

1. Odoo, kaunta mpaka vitabu kwenye mfumo mmoja
2. Loyverse (POS) kwenye tableti, halafu mauzo ya siku yaingie TallyPrime (programu ya hesabu)
3. POS iliyopo ibaki, iunganishwe na ERPNext (mfumo wa hesabu na stoo) kwa API, yaani njia ya programu mbili kupeana data

Mnilinganishie, hasa mtandao ukikata.

mhasibu_Gangilonga
Ya pili. Vitabu havihitaji kila risiti ya biskuti, vinahitaji jumla ya siku kwa kila kaunta. Tuseme kaunta moja imeuza 2,030,000 (Dr ni debiti, Cr ni krediti):

Dr Fedha taslimu 1,420,000
Dr Lipa namba (akaunti ya kusubiria) 610,000
Cr Mauzo yenye VAT 1,500,000
Cr VAT 18% 270,000
Cr Mauzo yenye msamaha 260,000

Mistari mitano, basi. Mahindi, maharage na viazi ambavyo havijasindikwa vina msamaha wa VAT, kwa hiyo kila bidhaa ipewe kundi lake la kodi ndani ya POS. Ukimwachia mhasibu atenganishe usiku, atakuwa anabahatisha.

Lipa namba usiiandike moja kwa moja benki. Pesa inafika benki siku nyingine na ikiwa imeshakatwa ada, taarifa ya benki haitalingana na vitabu hata mara moja. Ipite akaunti ya kusubiria: ikihamishwa, kiasi kilichofika kinaingia benki, makato yanakuwa gharama, salio linarudi sifuri.

TallyPrime kuanzia toleo la 4 inapokea faili la Excel. Majina ya leja (akaunti za vitabu) yafanane na yaliyomo Tally. Ukiandika "Mauzo VAT" wakati leja inaitwa "Mauzo ya VAT", ingizo linakwama.

fundi_Uyole
Mhasibu yuko sahihi kuhusu jumla ya siku, ila hiyo si sifa ya Tally peke yake. Keshia akifunga zamu kwenye Odoo, linatengenezwa ingizo moja la zamu nzima. ERPNext nayo inakusanya ankara za POS wakati wa kufunga. Alichoruka ni stoo, na maduka mengi yanavujia huko.

Mtandao sasa. POS ya Odoo ikishafunguka kwenye kivinjari inaendelea kuuza hata intaneti ikikata. Mauzo yanasubiri kwenye kompyuta ileile mpaka mtandao urudi. Hatari ni keshia anayeona haijatuma, akafunga kivinjari na kufuta data zake. Hapo mauzo yamekwenda. Jambo jingine: bidhaa na bei zinapakiwa zamu inapofunguliwa, hivyo badilisha bei kabla ya kufungua. Ukibadilisha saa sita mchana, kaunta zinaweza kuendelea na bei ya asubuhi.

Loyverse inauza vizuri bila mtandao, ila Mbeya hamtaona stoo ya Makambako mpaka tableti ya kule ipate bando. POS ya ERPNext inataka kuiona seva muda wote, hivyo seva ikae dukani na UPS (betri ya akiba), kaunta ziunganishwe kwa waya. UPS ilishe na ruta pia. Wengi wanailinda kompyuta halafu ruta inazimika na umeme.

Odoo ya bure haiji na mizania wala taarifa ya faida na hasara. Hizo ni za toleo la kulipia, na malipo ni kwa kila mtumiaji. Hesabu watu wenu kwanza.

Na akitokea wa kuwauzia QuickBooks POS ya kompyuta, mkatalieni. Intuit, wenye programu hiyo, waliisitisha Oktoba 2023.

stoo_kwanza
Njia zote tatu zitawaangusha kama vipimo havijapangwa. Ankara ya msambazaji inasema katoni 10, kila katoni pisi 24 na bei 24,000. Karani akaingiza "10" kwenye bidhaa inayouzwa kwa pisi. Mkimaliza kuuza pisi 240, mfumo unaonyesha -230, na gharama ya pisi moja inasomeka 24,000 badala ya 1,000. Ripoti ya faida hapo haifai hata kufungia maandazi.

Dawa: kipimo cha stoo kiwe kidogo kabisa mnachouza (pisi, kilo), katoni iwe kipimo cha kununulia chenye kizidisho 24. Sukari ya mfuko wa kilo 50 mnayofungasha kilo kilo iwe na hati ya kufungasha: mfuko mmoja unatoka, pakiti zilizopatikana kweli zinaingia, upungufu unaandikwa siku hiyohiyo. Zuieni pia kuuza stoo ikiwa hasi, japo kwenye bidhaa za kufungasha. Mkiruhusu, mauzo yanapita kabla mfumo haujajua gharama halisi, na wastani wa gharama unavurugika hata mzigo ukiingizwa baadaye.

DukaMwanjelwa
Shukrani wakuu. Ya tatu hamjaigusa. Na risiti ya TRA itoke wapi?

msimbo255
Ya tatu inafaa kama POS yenu ina API yenye maelezo yanayosomeka. Kama haina, mtakuwa mnavuta data kwa mlango wa nyuma, na kila toleo jipya likija kiunganishi kinavunjika.

Bidhaa na bei zitungwe ERPNext tu na kushuka kaunta. Mauzo yapande kutoka kaunta. Mkiruhusu pande zote mbili kuhariri bei, ya mwisho kutumwa ndiyo inashinda, na hakuna atakayejua nani kaibadilisha.

Kosa kubwa la mtandao wa kusuasua ni mauzo kuingia mara mbili. Seva imepokea, laini ikakata kabla ya jibu kurudi, kiunganishi kikadhani imeshindikana, kikatuma tena. Kila risiti iwe na namba ya kipekee yenye tawi, kaunta, tarehe na mfuatano, mfano MBY-K2-20250314-0187, na seva ikatae namba ambayo imeshaiona. Bidhaa ikirudishwa, ije na namba ya risiti ya awali. Bila hiyo VAT haijulikani ipunguzwe kwenye mauzo gani.

Angalieni saa pia. Seva nyingi zinatunza muda wa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Duka la mchana halitaona tofauti, ila Makambako iko barabara kuu, na kaunta ikiuza usiku kucha, mauzo ya saa sita usiku mpaka saa tisa alfajiri yataangukia tarehe ya jana.

mhasibu_Gangilonga
Risiti ya TRA itoke kaunta tu, kwa VFD (programu inayotoa risiti za TRA) iliyounganishwa na POS au printa ya kifiskali. Mfumo wa hesabu usitoe nyingine kwa mauzo hayohayo. Ukiacha mifumo yote miwili itume, TRA inasoma mauzo maradufu na risiti iliyokwishatumwa haifutiki. Kila jioni linganisheni jumla ya Z ripoti (jumla ya risiti za TRA za siku) na jumla ya POS kabla ya chochote kuingia Tally au ERPNext.

Tofauti ya senti inatokana na kukadiria. Vitu vitatu vya 1,000, VAT ikiwa ndani ya bei: VAT ikipigwa kila mstari ni 152.54 mara tatu, yaani 457.62, ikipigwa kwenye jumla ya 3,000 ni 457.63. Chagueni kanuni moja pande zote. Pengo la elfu kumi si ukadiriaji, tafuteni risiti iliyokosekana.

Sibadilishi kura: kwa kaunta nne, ya pili.

fundi_Uyole
Kwa kaunta nne sawa, ila kuna matawi mawili na mizani. Kama mzigo unahamishwa Mbeya kwenda Makambako kila wiki, naenda na Odoo, uhamisho ukae mfumo mmoja. Kama Makambako inapokea mzigo wake yenyewe, nakubaliana na mhasibu.

DukaMwanjelwa
Mzigo unatoka Mbeya kila Jumanne. Orodha ya hizo bidhaa 2,600 inahamaje kwenda mfumo mpya?

stoo_kwanza
Toeni orodha kwa CSV (faili la maandishi lenye safu za jedwali), lakini msiifungue kwa kubofya mara mbili. Excel inageuza msimbopau wa tarakimu 13 kuwa 6.20E+12, na ukihifadhi, tarakimu za mwisho zimepotea. Ingizeni kwa njia ya kuleta data na kuitaja safu hiyo kuwa maandishi. Sifuri za mwanzo nazo zitapona. Kisha tafuteni misimbo inayojirudia, skana ikikutana nayo inaleta bidhaa isiyo sahihi.

Lebo za mzani zinaanza na 20 mpaka 29. Mfano 2100045012506: 21 ni alama ya mzani, 00045 bidhaa, 01250 gramu, 6 ya ukaguzi. Mpangilio huo uwekwe uleule kwenye mzani na kwenye POS, maana mizani mingine huandika bei kwenye zile tarakimu tano. POS ikizisoma kama shilingi wakati mzani umeandika gramu, mchele wa kilo moja na robo unatoka kwa 1,250.