Msaada: vileja na visheti vya sikukuu vya kupeleka Dar kwa boti, vifike vizima

Ukili_Mpya (mtoa mada)
Assalam alaykum wana jukwaa. Niko Wete, Pemba. Ramadhani inaelekea ukingoni na watoto watatu wote wako Dar, sikukuu hii hawaji. Nyumba hii tangu wakiwa wadogo kila mmoja alikuwa na kopo lake siku ya Idi: vileja, visheti, kaimati na kipande cha halua. Nataka makopo yaende vile vile, na halua niipike nyumbani. Matatizo ni haya: vileja vinafikichika vikishikwa tu. Visheti sukari inabaki majimaji, haigeuki nyeupe, na hapo nimeipunguza kidogo kwa makusudi. Halafu sijui vifungwe vipi. Naomba vipimo kwa gramu. Msiniambie "kiasi", mizani ninayo.

Fundi_Karai
Waalaykum salaam. Tuanze na vileja. Unga wa mchele gramu 500, samli 250, sukari laini 200, mayai mawili, iliki ya kutwanga kijiko kimoja cha chai. Samli na sukari vipige mpaka vigeuke vyeupe na vyepesi, kwa mkono ni kama dakika kumi. Yai moja, piga. La pili, piga. Ndipo unga uingie kidogo kidogo. Ufunike donge nusu saa kabla ya kufinyanga, maana mchele hunywa maji polepole. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalaumu samli.

Unga wa mchele hauna mnato kama wa ngano. Kinachokishika kileja ni yai na samli iliyoganda. Ukifinya donge likapasuka ubavuni, ongeza kiini kimoja cha yai. Usiongeze samli: vitatandaa kwenye treya na vitavunjika zaidi. Na usivibandue vya moto. Viache hapo hapo kwenye treya mpaka vipoe kabisa.

Bi_Mchele
Mimi ningekuwa wewe ningepeleka mkate wa kumimina. Ndio chai ya sikukuu yenyewe. Mchele kilo uroweke usiku kucha, uusage na tui zito, hamira, iliki, uumuke mpaka ufanye mapovu, kisha palia makaa, moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Vileja hata dukani vipo.

Fundi_Karai
Bi_Mchele, mkate wa tui kwenye boti na hili joto? Siku ya pili unachacha. Mtoa mada hakuuliza mkate.

Mchokozi_Chake
Kwanza hao watoto wana miaka mingapi?

Ukili_Mpya
Umri una kazi gani kwenye unga? Wa kwanza 34, wa kati 30, mdogo 26.

Mchokozi_Chake
Hahaa, 34! Ndevu mpaka kifuani anangojea kopo la vileja. Na pesa ya kupanda bembea Tibirinzi unampelekea pia, au ataishia viwanja vya Mnazi Mmoja vya huko huko Dar?

Ukili_Mpya
Cheka tu. Mwana hakui kwa mzee wake. Nimeuliza visheti.

Fundi_Karai
Visheti: unga wa ngano gramu 500, samli vijiko vikubwa vinne, ifikiche iingie kwenye unga, kanda na maziwa ya uvuguvugu yasiyozidi mililita 220, donge liwe gumu kuliko la chapati. Kaanga kwa moto wa wastani. Mkali unavipaka rangi nje ndani vikabaki vibichi, na kesho yake vinalainika. Viache vipoe. Shira: sukari gramu 400, maji mililita 200. Sukari ikishayeyuka usikoroge tena. Chemsha mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi likusanyike laini bila ya kutawanyika. Epua, mimina visheti vyote, geuza bila ya kusita mpaka sukari ikauke iwe nyeupe.

Kupunguza sukari peke yake hakuzuii kuganda. Ila ukipunguza sukari na maji ukayaacha yale yale, itabidi uchemshe muda mrefu zaidi, na watu huepua mapema. Swali: ndimu umetia?

Ukili_Mpya
Nusu ndimu. Si ndivyo shira inavyopikwa?

Fundi_Karai
Hiyo ni shira ya kaimati, inayotakiwa ibaki nzito bila ya kuganda. Ukali wa ndimu unaivunja sukari isirudi kuwa chenga, na visheti vinataka irudi. Itoe ndimu, nusu ya tatizo lako imekwisha. Sasa na mimi nikuulize: sukari unaipunguza kwa ajili ya nani?

Ukili_Mpya
Sipendi tamu sana.

Fundi_Karai
Si umesema vyote vinakwenda Dar?

Kungumanga
Ametega hapo. Tunangojea jibu.

Ukili_Mpya
Haya. Wa kwanza ameambiwa hospitali ana kisukari, tangu mwaka jana. Mkewe amenipigia simu kasema mwaka huu lisiende kopo. Lakini sukari kilo tano nimeshanunua, samli ya ng'ombe ya shamba imeshafika, makopo yapo. Siwezi kupeleka mawili nikamruka mkubwa, atajisikiaje? Nimepata na sukari guru, nasikia hiyo haina madhara, shira nitaipika kwa hiyo.

Nesi_Mstaafu
Hapana, mzazi mwenzangu. Sukari guru inapandisha sukari ya damu kama nyeupe, tofauti yake ni rangi na ladha. Asali vile vile. Na hizi sukari za dukani za wagonjwa, nyingi shira yake haigandi, utapata visheti vinavyonata.

Tufanye hesabu kwa vipimo vya Fundi. Donge la vileja linakaribia kilo moja, ukikata gramu 20 unapata kama 50. Kila kimoja kina sukari gramu 4, na wanga wa mchele gramu 7 hadi 8, ambao nao mwilini unageuka sukari. Jumla kama 11 au 12. Kisheti cha uzito huo huo kinafika 15. Halua usiiseme, sehemu yake kubwa ni sukari na wanga, na hakuna anayekata kipande cha gramu 20. Kwa hiyo vileja viwili vidogo baada ya chakula ni jambo la kuzungumza na daktari wake, kulingana na dawa anazotumia. Kopo zima lililofunguliwa mbele yake siku nne za sikukuu ni jambo jingine.

Mkwe_Mwema
Mkwe wako kakuambia neno la heshima na wewe unatafuta mlango wa nyuma. Mwachie aitawale nyumba yake. Mtoto wa miaka 34 si wako peke yako.

Ukili_Mpya
Sitafuti mlango wa nyuma. Nimesema kidogo. Na kopo halimuui mtu.

Kungumanga
Nadandia uzi, samahanini. Aliye Uingereza anaweza kuletewa samli na mgeni?

Fundi_Karai
Usimtie mgeni matatani. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka nchi kama yetu abiria haruhusiwi kuingia nazo kule. Kopo la samli litabaki uwanja wa ndege.

Pweza_Mkavu
Mimi nimesoma kuanzia juu na naona huu uzi ni wa kutungwa. Mtu wa Wete, anayepika kila sikukuu kwa miaka thelathini, hajui kuwa shira ya visheti haitiwi ndimu? Anataka kupeleka *kaimati* Dar kwa boti? Kaimati huliwa karai bado la moto, kesho yake ni sponji. Na gramu! Nani kwetu anapima visheti kwa gramu? Huyu yuko mahali anatafuta watu wa kubishana.

Mchokozi_Chake
Nilijua! Na halua anataka kuipika nyumbani wakati ya Wete watu wanaifuata kutoka Unguja.

Kungumanga
Mtoa mada jibu, umenyamaza.

Ukili_Mpya
Sikunyamaza, nilikuwa nafturu. Someni tena: nimesema *nyumba hii* haikosi makopo. Sikusema mimi. Mimi ni mwanamme. Aliyekuwa akipika ni mama yao, na mkono wake wa kulia haufanyi kazi tangu alipopigwa na kiharusi. Amekaa hapa kitini, anaelekeza. Nikimuuliza unga kiasi gani ananiambia "mpaka ukukubali". Nikimuuliza samli, "tia, nitakwambia basi". Ndio maana nikanunua mizani. Ndimu nimetia mwenyewe alipokuwa anasali. Mnataka na cheti cha ndoa?

Pweza_Mkavu
Hilo ungelisema kwenye mstari wa kwanza.

Ukili_Mpya
Ili Mchokozi aanze na mimi badala ya mtoto?

Mchokozi_Chake
Ningeanza na wewe, ndiyo. Mpe pole bi mkubwa.

Fundi_Karai
Sasa naelewa. Basi sikiliza, na umsomee na yeye. Kaimati zitoe kabisa. Halua nunua huko huko Wete, hukaa wiki kadhaa bila ya friji, lakini ifunge peke yake: ikiwa kopo moja na vileja, unyevu wake unahamia kwenye vileja. Kupika halua nyumbani ni saa nzima na zaidi ya kusonga mfululizo, na ukiacha dakika mbili inashika chini. Si kazi ya mtu mmoja aliyefunga.

Mwezi haujulikani utaandama lini, kwa hiyo usingoje. Vileja oka kati ya tarehe 24 na 25 ya Ramadhani, visheti kesho yake. Vyote hukaa wiki mbili vikiwa vikavu. Viache usiku mzima wazi chini ya kitambaa chepesi. Ukifunga vikiwa na vuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya kopo. Kopo la bati, karatasi ya kuokea kila safu, si gazeti, samli inavuta wino. Vileja visimame kwa ubavu, viegemeane, visilale. Nafasi ya juu ijaze kwa karatasi iliyofinywa mpaka ukitikisa usisikie kitu. Kwenye boti kopo lisiwe mizigoni, apewe abiria alikamate mkononi.

Nesi_Mstaafu
Na kopo la mkubwa lisiwe na visheti wala halua. Vileja vipunguze sukari iwe gramu 120, vitatoka vyeupe zaidi na vikavu kidogo lakini vitashika. Vikate gramu 10, weka kumi tu. Nafasi itakayobaki kwenye kopo hilo ujaze korosho na njugu za kukaanga zisizo na sukari, na tambi za dengu kidogo, kwani nazo zina wanga. Mpigie mkwe kabla ya boti kuondoka, umwambie kilichomo na idadi yake.

Mkwe_Mwema
Umpigie yeye. Usimpigie mtoto.

Ukili_Mpya
Kumi ni vichache mno kwa kopo lile. Nitaweka kumi na tano.

Nesi_Mstaafu
Kumi.

Ukili_Mpya
Mama yao anasema kumi na mbili, na simu atapiga yeye. Fundi, swali la mwisho. Oveni yangu ni ya gesi na namba zimefutika. Nitajuaje moto umefika?

Fundi_Karai
Unatafuta digrii 170. Iwashe robo saa, kisha tandaza kijiko cha unga wa ngano kwenye treya tupu, uiingize safu ya kati. Ukianza kugeuka rangi ya mchanga baada ya kama dakika tano, uko hapo. Ukigeuka mapema, punguza. Halafu oka vileja vitatu vya majaribio kabla ya treya nzima, dakika 15 hadi 18, juu vibaki vyeupe, chini viwe na rangi kidogo tu. Vile vya gramu 10 vitazame kuanzia dakika ya 11.