Pasaka, mayai na sungura: upagani ni upi hapo?

Mdadisi: Wakuu, kila Pasaka ikikaribia inazunguka picha inayodai sikukuu hii ilikuwa ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na kwamba yai na sungura ni alama zake. Ushahidi uko wapi?

Karani: Ishtar mtoe kabisa. Alama zake ni simba na nyota yenye ncha nane. Dai hilo lilienezwa karne ya 19 na Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti, aliyeunganisha jina Ishtar na Easter, jina la Pasaka kwa Kiingereza, kwa kuwa yanasikika kama yanafanana. Wakristo walishaadhimisha Pasaka katika karne ya 2, wakifuata kalenda ya Pasaka ya Wayahudi.

Mzizi: Naungana na Karani, ila Eostre, mungu wa kike wa Waingereza wa kale, msimpuuze. Mwaka 725 mtawa Beda wa Uingereza aliandika kwamba mababu zake waliuita mwezi wa Aprili Eosturmonath kwa jina la mungu huyo wa kike, wakamfanyia sherehe. Basi, anaishia hapo: hataji yai wala sungura. Ostara, mungu wa kike kama huyo kwa Wajerumani, ni makisio ya mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm ya mwaka 1835, na ndiyo yanayonukuliwa leo kana kwamba ni habari ya kale.

Sungura anayeleta mayai anaonekana kwenye maandishi ya tabibu Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682: anaficha mayai bustanini, watoto wanayatafuta. Hiyo ni zaidi ya miaka 900 baada ya Beda. Anayetaka kuviunganisha aonyeshe kilichopo katikati.

Karani: Yai nalo lina sababu ya jikoni. Kwaresima ilikataza mayai, kuku wakaendelea kutaga, Pasaka ikakuta akiba kubwa. Mwaka 1290 nyumba ya mfalme Edward I wa Uingereza ilinunua mayai 450 ya kupambwa na kugawiwa.

Mdadisi: Na yale mekundu ya Waorthodoksi?

Mzizi: Wekundu ni damu ya Kristo, Wagiriki huyapaka Alhamisi Kuu. Njia ya zamani ni maganda makavu ya vitunguu: jaza sufuria, chemsha nusu saa, chuja, acha maji yapoe, tia siki vijiko viwili kwa lita. Mayai futa kwanza kwa siki, maana penye mafuta rangi haishiki. Yaingie maji yakiwa yamepoa, kisha moto mdogo. Yai la baridi likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupasuka, na rangi hupenya hadi kwenye ute.