Naomba ushauri: mke wangu bado anaumizwa na yaliyompata utotoni

Ndugu zangu, naandika kutoka Jinja nikiomba ushauri. Mke wangu, mwenye miaka 34, alinieleza mwaka jana kwamba alipokuwa na miaka 9 alidhulumiwa kingono na jamaa wa karibu, naye akanyamaza kwa kuogopa kuonekana ndiye aliyeleta aibu nyumbani. Tangu binti yetu afikishe umri huohuo, mama yake hushtuka usiku, hukagua milango mara kwa mara, na akiguswa bila kutarajia hukakamaa mwili mzima. Zamani nilidhani ni ukali wa tabia tu, najuta.

Nimesoma kwamba kumbukumbu za namna hii zinaweza kuamka upya mtoto anapofikia umri ule, na kwamba ipo tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, yaani majeraha ya moyo yanayoachwa na tukio baya. Nilimtajia Hospitali ya Butabika, ya magonjwa ya akili, huko Kampala, akakataa, kwa kuwa wengi huiona kuwa ya wendawazimu pekee. Shangazi yake anamtaka asamehe na anyamaze, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo.

Mliopitia haya, nimsindikizeje bila kumlazimisha, na binti yetu tumweleze nini?