Naombeni ushauri: siku tatu za juisi tupu, sijawahi kabisa

karoti_mbili

Wakuu, habari zenu. Naombeni mawazo ya mtu aliyewahi kukaa na juisi tupu siku mbili tatu bila kula kitu kingine. Kwangu hii ni mara ya kwanza na nimepanga kuanza Jumamosi.

Nina miaka 38, kilo 74. Ni fundi cherehani, kwa hiyo siku nzima nimekaa. Kwa miezi minne mfululizo nilikuwa namuuguza mama, na katika miezi hiyo sikumbuki siku niliyokaa chini nikala. Nilikuwa namlisha yeye, mimi napita na biskuti mkononi, chai ya sukari vikombe vitano hadi sita, halafu saa tano usiku ndiyo nakula kilichobaki kwenye sufuria. Mama sasa amesimama, anatembea mwenyewe, namshukuru Mungu kila asubuhi. Mimi ndiye nimebaki na mwili nisioujua. Tumbo linajaa gesi, choo ni kigumu na chaweza kupita siku tatu bila kukipata, naamka nimechoka kama sikulala.

Nataka siku chache za kuukata ule mwendo, kisha nianze kula vizuri. Mpango wangu ni chupa sita za ml 350 kila siku. Asubuhi machungwa na karoti, saa nne nanasi na tufaha, mchana spinachi, tango, tufaha na tangawizi, alasiri bitiruti na karoti na limau, jioni balungi na chungwa, kabla ya kulala nanasi tena. Nimeazima mashine ya kukamua, ile inayotoa maji upande huu na machicha upande ule. Nafikiria kukamua juisi ya siku zote tatu Ijumaa usiku ili nisisumbuke.

Maswali yangu: ni kweli inatoa sumu mwilini? Naweza kuendelea na kazi? Kuna mtu ameniambia nikisikia kizunguzungu nisiogope, ndiyo sumu inatoka, nivumilie tu. Hilo limenikaa vibaya.

La mwisho, mama anataka tufanye pamoja. Ana miaka 67, anatumia dawa ya presha na ya kolesteroli.

zamu_ya_usiku

Dada yangu, mimi ni muuguzi. Naanza na mama kwa sababu hapo hakuna kusubiri: usimpe balungi. Balungi huzuia kimeng'enya cha kwenye utumbo ambacho huvunjavunja baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu. Zikikosa kuvunjwa, dozi ileile ya kila siku inakuwa kubwa mwilini. Dawa za kolesteroli kama simvastatini na atovastatini zimo katika kundi hilo, na zikizidi zinaweza kuharibu misuli. Kwenye presha, nifedipini na felodipini nazo zimo. Kutenganisha saa hakusaidii sana, maana athari ya balungi moja hudumu zaidi ya siku. Na mtu aliyetoka kuugua miezi minne anahitaji chakula chenye protini ili arudishe nguvu. Mwambie akusindikize kwa maneno, kwenye chupa asiingie.

Sasa hiyo sumu. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, usiku na mchana. Figo zako huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, hurudisha karibu yote mwilini, na kinachobaki ndio mkojo, lita moja na nusu hadi mbili. Juisi haina mkono wa kuongeza pale. Kizunguzungu ni dalili kwamba umepungukiwa chakula, maji au chumvi. Aliyekwambia uvumilie amekushauri jambo la hatari. Ukisikia unataka kuzimia, moyo unadunda ovyo, jasho la baridi au mikono inatetemeka, kula, kaa chini, na isipopungua nenda hospitali.

Na wewe mwenyewe, kuna dawa unayotumia? Hujasema.

kikombe_kijani

Nimefanya hivi mara nne, mara mbili vizuri na mara mbili vibaya. Nikupe niliyojifunza jikoni, ya kitabibu nawaachia wenyewe.

Kwanza chai. Hili ndilo litakalokuangusha kuliko njaa. Mtu wa vikombe sita akikata ghafla, kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na siku ya pili ndiyo huwa kikali. Watu huita sumu inatoka. Ni kafeini imekosekana, basi. Anza kupunguza leo: vikombe vinne, kesho vitatu, hivyo hivyo. Au baki na kimoja bila sukari, hakuna atakayekukamata.

Pili, hesabu sukari. Glasi moja ya juisi ya chungwa, ml 250, ina sukari gramu 20 na zaidi. Chupa yako ni kubwa kuliko glasi, na chupa nne kati ya sita ulizoandika ni matunda karibu matupu. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya kwenye juisi pamoja na ile ya kuweka kwenye chai, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Wewe umekimbia sukari ya chai, sasa unaipokea kwenye chupa. Geuza uwiano: tango, seleri, mboga za majani na tangawizi zijae, tunda liwe moja la kuondoa ukali. Nanasi la kabla ya kulala liondoe kabisa. Mimi lilikuwa linaniamsha saa nane usiku na njaa kali.

Tatu, usikamue ya siku tatu kwa pamoja. Juisi mbichi haijachemshwa, vijidudu vilivyokuwa kwenye ganda vinaingia ndani na kuzaliana. Osha kila kitu chini ya maji yanayotiririka, hata tunda utakalomenya, maana kisu hupitisha uchafu wa nje hadi ndani. Chupa ijae hadi mdomoni isibaki na hewa, iingie friji mara moja, na unywe ndani ya siku moja, ikizidi sana mbili. Limau husaidia isigeuke rangi haraka, ila haliui vijidudu. Kosa langu la mara ya pili lilikuwa hapa hapa: nilikunywa ya spinachi ya siku ya nne, nikaharisha usiku kucha.

Halafu bitiruti. Mkojo au choo kinaweza kutoka chekundu. Nakwambia mapema usije ukakimbia hospitali ukidhani ni damu.

mwendo_wa_kila_mwezi

Mimi nitasimama upande wa pili kidogo. Nafanya siku tatu kila mwezi na kila mara napungua kilo mbili hadi tatu, na ngozi inang'aa. Msimtishe mtu. Akijiandaa vizuri, akalala mapema, atamaliza.

zamu_ya_usiku

Ndugu, sipingi kwamba mzani unashuka. Ila mwili wa mtu mzima una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, takriban gramu 500, na kila gramu imeshikana na maji gramu 3 hivi. Ukila kidogo siku mbili tatu, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Hizo ndizo kilo mbili. Ukirudi kula zinarudi, ndiyo maana kila mwezi unazikuta zikikusubiri. Kwako kama ni mzima haina madhara makubwa. Nisingependa tu dada huyu ahesabu maji kama mafuta, halafu yakirudi ajione ameshindwa.

karoti_mbili

Nimesoma yote, tena mara mbili. Mama nimemsomea kwa sauti ile ya balungi. Tumetoa boksi la dawa yake, ni atovastatini. Nilikuwa nampa balungi kila wiki wakati anaugua, nikidhani namwongezea vitamini. Nimekaa na hilo mchana mzima. Amesema misuli haijawahi kumuuma, lakini tutamweleza daktari wake.

Kuhusu mimi, sikusema kwa kuwa sikuhesabu kama ni dawa: nakunywa vidonge vya kuongeza damu. Nilipopima miezi miwili iliyopita sukari na presha vilikuwa sawa ila damu ilikuwa chini. Kimoja kila siku, nakunywa asubuhi na chai.

zamu_ya_usiku

Hapo umenipa nilichokuwa nakitafuta. Choo kigumu kimeanza lini? Vidonge vya madini ya chuma huwafungia watu wengi choo na kuwajaza tumbo gesi. Na wewe unataka kutibu hilo kwa kuondoa nyuzinyuzi, kwa sababu kila kinachobaki kwenye machicha ndicho kinachosukuma choo. Mtu mzima anatakiwa apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Chungwa zima lina kama 3, likikamuliwa na kuchujwa hubaki karibu na sifuri.

Usiache vidonge kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze, wakati mwingine hubadilisha dozi au hukupa kimoja kila baada ya siku moja. Ila jambo moja fanya kuanzia kesho: achana na chai saa ya kidonge. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini, vitamini C hukisaidia. Kwa hiyo glasi ndogo ya juisi ya chungwa pamoja na kidonge ina faida ya kweli kwako. Na siku ya juisi tupu kidonge kinaweza kukuchafua tumbo, kinywe baada ya kitu kigumu kidogo.

Uchovu wako nao usiupe jina la sumu. Damu pungufu, miezi minne ya kulala nusunusu, kula ovyo. Vyote hivyo vinachosha.

kikombe_kijani

Basi punguza iwe siku moja, jioni umalize kwa supu ya mboga na mayai mawili. Juisi hazina protini ya maana. Kwa kilo zako unahitaji gramu 59 hivi kwa siku, na chupa sita hazitakufikisha hata nusu. Kesho yake tumia brenda badala ya mashine ya kukamua, tunda liingie zima na nyama yake. Na machicha usitupe, ya karoti yanaingia vizuri kwenye mayai ya kukaanga.

karoti_mbili

Nimerudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Nilifanya Jumamosi peke yake. Chai nilikuwa nimeshuka hadi vikombe viwili, cha mwisho Ijumaa saa moja jioni. Chupa ya kwanza saa moja asubuhi: tango, seleri, tufaha nusu, tangawizi. Ladha ni ya majani, lakini baridi yake iliniamsha. Hadi saa sita nilikuwa sawa, nimeshona hata sketi mbili. Saa nane kichwa kikaanza taratibu nyuma ya macho. Nikakumbuka: ni saa 19 tangu chai ya mwisho. Kwa kuwa nilijua ni nini, sikuogopa, nikanywa maji na kuzima redio.

Saa kumi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikatazama vidole, vinatetemeka. Kama nisingeandika hapa ningevumilia, nakwambieni ukweli, kwa kuwa niliambiwa nivumilie. Nilizima cherehani nikachemsha yai, nikala na kipande cha mkate na chumvi. Ndani ya nusu saa mikono ilitulia. Sikurudi kwenye chupa nyingine.

Jioni nikapika supu ya karoti, viazi na spinachi, nikatia mayai na machicha ya karoti. Nikaiweka mezani. Mama akaja akaketi mbele yangu na bakuli lake. Tulikula polepole hadi supu ikapoa. Ilikuwa saa moja na nusu, si saa tano usiku, na nililala bila tumbo kujaa.

Bitiruti sikuikamua kabisa, niliikata na kuichemsha Jumapili. Jumapili hiyohiyo nikasaga nanasi, tango na spinachi kwenye brenda bila kuchuja, ni nzito, unaitafuna kidogo. Leo ni siku ya nne nakula hivyo, kidonge nakunywa na chungwa, chai kikombe kimoja saa kumi. Choo nimepata jana na leo, bado si laini. Mzani Jumapili ulisoma 73, leo 73.8. Namshukuru aliyenieleza habari ya maji, nisingeelewa.

Alhamisi nitakwenda kuuliza kuhusu vidonge. Mama ataonana na daktari wake siku hiyohiyo, tutaongozana. Nimuulize nini zaidi ya balungi?

zamu_ya_usiku

Bebeni maboksi yenyewe ya dawa, yote, hata za maumivu alizonunua bila kuandikiwa, na za mitishamba kama zipo. Waeleze alikuwa anakula balungi mara ngapi na tangu lini. Ulizeni kama kuna haja ya kupima ini na misuli. Na wewe omba wapime tena damu yako. Miezi miwili inatosha kuonyesha kama vidonge vinafanya kazi, ila wambie wazi kwamba muda wote huo ulikuwa unavinywa na chai.