Nina pedali tano na naitaka ya sita, nishaurini kabla hela haijatoka

solo_wa_kwaya: Wakuu habari za muda huu. Napiga gitaa la solo kanisani hapa Dar, ibada mbili kila Jumapili na mazoezi Alhamisi. Kwenye bodi ya pedali (viboksi vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa) nina wah, ovadraivu ya kijani (kopi ya Tube Screamer), Boss DS-1 (disto, ya kukwaruza sauti), korasi na dilei (ya kurudia sauti). Sasa kuna jamaa anauza Boss BD-2, ile Blues Driver, used ila safi kabisa, laki mbili na nusu, kaniwekea mpaka Jumamosi. Wiki nzima nikishika simu naangalia video zake tu, na nishapanga mpaka sehemu itakayokaa kwenye bodi. Shida yangu hasa ni kwamba nyumbani sauti tamu, nikifika kanisani kwaya ikianza na kinanda kikaingia nasikika kama nipo nje ya geti. Halafu kuna kimlio chembamba kama mbu, kinazidi nikikanyaga disto. Hiyo pedali itanisaidia au vipi?

rizimu_mkongwe: Mdogo wangu, kwanza niambie kwenye ampli mid (sauti za kati) umeiweka wapi? Maana tukiwa chumbani peke yetu tunapandisha besi na treble, mid tunaishusha, inasikika nene, tamu, sasa ukiingia kwenye bendi huko chini kuna gitaa la bezi na kiki ya ngoma, huko juu matoazi, wewe sehemu yako ndo ile mid uliyoishusha. Na hiyo ya kijani unayo tayari, kazi yake ndo hiyo, inapunguza besi na kunyanyua mid pale karibu na 720 Hz. Drive (mkwaruzo) weka chini kabisa, Level (ukubwa wa sauti) pandisha, ikanyage ukiingia kwenye solo tu. Blues Driver ni nzuri sikatai, ila mid haiisukumi namna hiyo.

fundi_jeki: Huyo mbu ni umeme. Bila shaka una adapta moja umeigawa kwa pedali zote. Dilei ya dijitali inatoa kelele inayopita kwenye waya wa umeme mpaka kwenye disto, na disto kazi yake ni kukuza, inaikuza na hiyo. Jaribu hivi: ichomoe dilei kwenye adapta, iwekee betri ya 9V peke yake. Mbu akinyamaza, tafuta adapta ambayo kila tundu limetengwa na mwenzake. Angalia na polariti, za Boss katikati ni hasi, usije ukaunguza kitu. Fungua na jeki za kebo zako pia, juzi nimefungua moja ya mteja waya umeshikwa na unyuzi mmoja tu na risasi imepasuka, mwenyewe alishanunua pedali mbili akidhani ndo dawa.

benga_damu: Mimi niko Nairobi na nitawapinga kidogo. BD-2 yangu siwezi uza, kwa sababu inasikiza mkono, ukigusa waya pole inakaa safi, ukichapa inapasuka, ukirudisha volyumu ya gitaa inasafika bila kukanyaga chochote. Lakini mimi napiga blues, tuko watu watatu. Kwa sebene sioni utaikanyagia wapi, zile noti zinakimbia sana, ukizipasua zinashikana kama uji.

solo_wa_kwaya: Asanteni sana ndugu zangu. Jana mazoezini nimeweka betri kwenye dilei, mlio umekata pale pale, sikuamini. Mid nilikuwa nimeishusha karibu na mwisho kabisa, nimeipandisha kupita nusu, nyumbani ingenikera lakini pale kwaya ikiwa imesimama nilisikia kila noti yangu. Hela itaenda kwenye adapta, jamaa nishamwambia auze. Nadanganya nikisema siitaki, bado naitaka. Kimebaki kitu kimoja, kwenye sebene dilei inanivuruga, marudio yanagongana na ninachopiga.

rizimu_mkongwe: Hapo ni hesabu. Chukua 60,000 gawanya kwa tempo (mapigo kwa dakika), unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa 120 ni 500, robo tatu yake 375, hiyo inafaa kwenye nyimbo za taratibu. Sebene usiifuate hiyo, weka fupi, milisekunde 120 hivi, rudio moja tu na Level ya dilei chini, ugundue ilikuwepo pale tu unapoizima.