Ushauri wakuu: timu yetu inakimbia vizuri hadi mapumziko, baada ya hapo inakwama. Tupasi lini?

Mwana wa Ujiji

Habari za majukumu wakuu.

Naishi Des Moines, Iowa. Msimu huu namsaidia kocha wa timu ya vijana wa miaka 13 na 14 ya futiboli ya Kimarekani. Wengi wao ni watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania, kwa hiyo pembeni ya uwanja maelekezo yanachanganywa Kiingereza na Kiswahili. Kazi yangu ni kupendekeza mashambulizi: tukimbie na mpira au tuupasi.

Shida iko hivi. Laini yetu ya mbele, wale wanaozuia wapinzani, ina vijana wenye miili, na ranibeki wetu, mbeba mpira, akipata upenyo kumkamata ni kazi. Robo ya kwanza tunakula yadi nne, tano, sita, tunafunga. Ikifika robo ya tatu wapinzani wanakuwa wameshatusoma. Wanajaza walinzi wanane katikati na kila tukikimbia tunagonga ukuta. Hapo ndipo tunakumbuka pasi, tukiwa jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea yadi kumi, na yadi tisa zimebaki. Hata mzazi aliyejifunika blanketi kwenye ngazi anajua pasi inakuja. Kwotabeki wetu, mtupa pasi, ana mkono mzuri tu, ila anaangushwa kabla hajamwona mtu wa kumtupia.

Kocha mkuu ni mtu wa kukimbia. Ana ule usemi wa zamani wa makocha wa Marekani kwamba ukipasi yanaweza kutokea mambo matatu, na mawili kati yake ni mabaya: pasi isifike au inaswe na wapinzani. Wazazi nao wanataka watoto wao watupiwe mpira. Mimi nimefikiria tugawe nusu kwa nusu, mbio 50 na pasi 50. Je, hiyo ni sahihi? Vijana hawa wanajituma mno na inaniuma kuwaona wanainamisha vichwa kila kipindi cha pili. Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Dallas

Mkuu, hiyo 50 kwa 50 iache. Uwiano haupatikani kwa kuhesabu mbio ngapi na pasi ngapi. Hesabu walinzi.

Mpinzani ana watu 11. Akiweka wanane katikati, amebakiwa na watatu wa kulinda uwanja wote uliobaki. Wewe una watano wa laini na taiti endi mmoja (anayezuia na pia kudaka pasi), watu sita wa kuzuia. Sita hawawezi kuwazuia wanane, hata wawe na miili namna gani. Akiweka sita katikati, kimbia mpaka achoke. Akiweka wanane, amekuonyesha mwenyewe sehemu aliyoiacha wazi.

Angalia Eagles wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, msimu wa 2024. Ranibeki wao Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 msimu wa kawaida. Fainali ya Super Bowl, Februari 2025, Chiefs walikuja wamejipanga kumzuia yeye, na kweli walimbana: alibeba mpira mara 25 akapata yadi 57 tu. Eagles walishinda 40 kwa 22, kwa sababu kwotabeki wao Jalen Hurts alikuwa anapasi kwenye nafasi zilizoachwa, pasi 17 kati ya 22 zikafika. Usiku ule Barkley hakuwa na yadi nyingi, lakini kuogopwa kwake kulikuwa kunafanya kazi.

Kwa hiyo mfundishe kwotabeki wako kuhesabu vichwa kabla mpira haujaanza. Kijana wa miaka 14 anaweza.

Mzee wa Robo ya Nne

Nakubaliana na Kipanga, ila tusimdharau kocha mkuu. Mbio zinakula saa. Ukikimbia ukaangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea. Pasi isipofika, saa inasimama na mwenzako anapumua.

Mimi Super Bowl ya Februari 2017 sijaisahau. Falcons waliongoza 28 kwa 3. Zikiwa zimebaki dakika nne na ushee walikuwa mbele 28 kwa 20, na wako yadi ya 22 ya Patriots. Hapo hata teke la kawaida la kupitisha mpira kati ya nguzo lingeleta pointi tatu, na Patriots wangehitaji kufunga mara mbili. Jaribio la kwanza wakakimbia, wakapoteza yadi moja. Jaribio la pili wakarudi nyuma kupasi, kwotabeki wao Matt Ryan akaangushwa, wakapoteza yadi 12. Ikafuata adhabu ya kumshika mpinzani, wakasukumwa hadi nje ya umbali wa teke. Wakalazimika kuupiga mpira wauachie, Patriots wakasawazisha na kushinda 34 kwa 28 kwenye muda wa nyongeza.

Ukiwa unaongoza na muda unaisha, kimbia hata kama yadi hazitoki.

Mama Kocha, Louisville

Kaka, pole na hongera kwa kazi hiyo. Nimefundisha umri huo kwa muda, na ninavyoona, pasi zako zinachelewa. Jaribio la tatu na yadi tisa hata kwotabeki wa NFL anapata tabu. Pasi jaribio la kwanza, wakati wapinzani wote wanasubiri mbio.

Anza na danganya toto: kwotabeki anajifanya anampa ranibeki mpira, anauficha nyongani, halafu anapasi. Umri huu udanganyifu mara nyingi unaharibikia kwenye laini, wala si kwa kwotabeki. Vijana wa laini wakisikia ni pasi wanasimama wima na kurudi nyuma mara moja, na lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya laini ya wapinzani, akiona hivyo hadanganyiki. Wafundishe hatua ya kwanza iende mbele, kofia zikiwa chini, kama vile wanafungua njia. Ranibeki naye afunge mikono tumboni na apige mbio kabisa, akubali kukumbwa bila mpira. Wewe mwangalie lainibeka wa kati tu. Akipiga hatua mbili mbele, nyuma yake pako wazi, na taiti endi anapita hapo hapo, yadi sita au saba. Pasi hiyo haihitaji mkono wa ajabu, na mpira unatoka haraka kabla laini haijavunjika.

Kocha maarufu Bill Walsh alianzia huko huko. Mwaka 1970 akiwa kocha msaidizi wa Bengals, kwotabeki waliyemtegemea aliumia, akabaki na Virgil Carter ambaye hakuwa na mkono wa kutupa mbali. Akamtengenezea pasi fupi fupi zinazofanya kazi ya mbio. Mwaka uliofuata Carter aliongoza ligi kwa asilimia ya pasi zilizofika.

Dogo Takwimu

Nyongeza kidogo. Wachambuzi wa takwimu za NFL wamegundua kwamba danganya toto inazifaa hata timu zisizokimbia sana. Kwa hiyo Mwana wa Ujiji usipoteze majaribio kukimbia kwenye ukuta ili "kuandaa" pasi. Na ile hoja kwamba timu zinazokimbia sana ndizo zinashinda, mara nyingi ni kinyume: zinakimbia kwa kuwa tayari zinaongoza.

Mzee wa Robo ya Nne

Dogo, hizo ni takwimu za watu wazima wanaolipwa. Lainibeka wa miaka 13 anaamini alichokiona dakika tano zilizopita. Mbio za robo ya kwanza zina faida yake.

Mwana wa Ujiji

Nawashukuru sana wakuu. Mama Kocha, umeniona kabisa: vijana wa laini wanasimama wima, nimerudia kuangalia video jana usiku na kila pasi iko hivyo. Kocha mkuu nimempelekea hoja ya kuhesabu walinzi, akasema hiyo anaikubali kwa sababu mbio bado zinakuwepo.

Swali lingine. Oktoba huku upepo ni mkali na vidole vinakufa ganzi. Pasi zitafika kweli?

Mama Kocha, Louisville

Fupi zitafika. Upepo unasumbua zaidi zile ndefu za juu. Ongeza skrini: waache walinzi waje wote, umtupie ranibeki pembeni akiwa na watu wawili wa laini mbele yake. Mpira unasafiri yadi chache tu, na mkimbiaji ni yule yule wanayemwogopa.

Kipanga wa Dallas

Na mfanye mazoezi ya kuwa nyuma. Ravens wa 2019 walishinda mechi 14 kati ya 16 na kuweka rekodi ya ligi ya yadi za mbio, 3,296. Kwenye mtoano Titans wakatangulia 14 kwa 0, na kwotabeki wao Lamar Jackson, aliyezoea kuongoza, akajikuta anapasi mara 59. Wakafungwa 28 kwa 12. Jumanne mazoezini waambie vijana mko nyuma pointi 14, dakika sita zimebaki, mpira uko yadi ya 30 yenu. Halafu mwache kwotabeki achague mwenyewe, na umuulize alihesabu walinzi wangapi.