Tupeane uzoefu: mchezaji gani wa kikapu cha vyuo Marekani ulibishania namba yake mpaka watu wakakununia?

MzeeWaRibaundi

Wakuu, habari za saa hizi.

NBA ina nyuzi zake, BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, nayo ina watu wake. Hapa nataka kikapu cha vyuo vya Marekani tu, na ndani yake jambo moja: upangaji wa kikosi. Nani anaanza, nani anakalishwa benchi, nani kapewa namba isiyo yake (namba moja ni gadi anayeongoza mpira, namba tano ni mrefu wa chini ya ringi, wengine wako katikati yao). Takwimu za kunakili kaa nazo. Tuambie ulichokiona, ulikuwa wapi, ulibishana na nani, na leo hii unasimama upande gani.

Nimechagua vyuo kwa sababu kule kocha ndiye mwenye timu. Mchezo ni dakika 40, faulo tano unatoka, na ikifika Machi, kwenye mashindano ya taifa, ukipigwa mara moja msimu umeisha. Hakuna mechi ya marudiano ya kurekebishia kikosi.

Naanza mimi. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet wetu yuko UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), mwaka wake wa mwisho pale. Futi 7 na inchi 3, zaidi ya bloku 4 kwa mechi (mitupo aliyoizuia), na kocha Jim Calhoun amempa kazi moja: kaa chini ya ringi, anayekuja mfute. Ofisini kwetu Posta kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema kijana anadumazwa, apandishwe juu kidogo, apewe mpira, ajifunze kutupa. Mimi nilikuwa kambi ya pili. Kikapu cha vyuo hakina ile sheria ya NBA ya sekunde tatu kwa mlinzi, kwa hiyo mtu mrefu anaweza kuegesha pale kati mchana kutwa. Ukiwa na mtu wa kimo kile halafu ukamtoa pale, umewafungulia mlango mwenyewe.

Februari ikaja mechi ya Pittsburgh. UConn ndio namba moja nchini. DeJuan Blair wao, futi 6 na inchi 7 tu, anamtia Thabeet begani na kumbinua mpaka sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23 (mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa), Pitt wakashinda 76 kwa 68. Kambi ya kwanza waliniletea picha ile mezani wameichapisha kabisa kwa printa ya ofisi.

Bado nasema Calhoun hakukosea namba. Alichokosea ni mtu wa kumkabili Blair. Jeff Adrien wa UConn ana nguvu zile zile, mpe yeye kazi ya kusukumana, Thabeet aje kutoka nyuma kufuta. Karibuni.

SijaliKimara

Mzee umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Adrien akisukumana na Blair anamaliza faulo kabla ya mapumziko. Halafu nani anacheza namba nne?

Halafu mbona umeiruka ile ya Syracuse? Machi 2009, mashindano ya Big East, Madison Square Garden, ova taimu sita. Nilifika kazini saa mbili kasoro asubuhi ya Ijumaa, nikafungua kompyuta nione matokeo ya mechi ya alfajiri, nakuta bado wanacheza! Bosi anapita nyuma, mimi nabonyeza kuonyesha ukurasa upya. Syracuse 127, UConn 117. Katika ova taimu tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja, walichukua uongozi kwenye ya sita.

Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo. Jim Boeheim, kocha wa Syracuse, ilibidi amwingize Justin Thomas, kijana ambaye hata ufadhili wa masomo hakuwa nao kwenye timu. Tunabishania watano wa kuanza, mechi inamalizwa na watu ambao hakuna aliyewataja.

MzeeWaRibaundi

Hiyo sijairuka, niliogopa kulia mbele za watu.

KatangaWaLex

Jambo bandugu. Miye niko hapa Lexington, Kentucky, karibu na uwanja wenyewe. Kwa wasiojua, huu mji una Wakongo wengi sana, Kiswahili utakisikia kanisani, dukani, kwenye basi la shule. Kwa hiyo Oscar Tshiebwe alipokuja Kentucky, kwetu haikuwa habari ya kikapu peke yake. Mtoto wa Lubumbashi, anaongea kama sisi.

Lakini nianzie nyuma, maana namba yake ilileta maneno tangu West Virginia. Kule kocha Bob Huggins alikuwa anawapanga pamoja na Derek Culver, watu wawili wakubwa kwa mpigo. Nilikuwa natazama na binamu yangu aliye Charleston, kila mechi tunagombana kwa simu. Yeye anasema wawili wanakusanya ribaundi zote. Mimi nilikuwa namwambia angalia miguu yao: wote wanataka sehemu ile ile, mkono mmoja kutoka ringi, na walinzi wao wanasimama pale pale wakiwasubiri. Kijana wa pembeni akiingia na mpira hana pa kupita. Mwanzoni mwa Januari 2021 Oscar akaondoka katikati ya msimu. Huggins akapanga gadi wanne na Culver mmoja, na timu ile ikafika Machi ikiwa imepangwa ya tatu kwa ubora kwenye kundi lake. Binamu hajanipigia tangu siku ile kuzungumzia kikapu, tunaongea ya familia.

Huku kocha Calipari alimpa namba tano peke yake, hakuna wa kubanana naye. Msimu wa 2021-22 alipata wastani wa ribaundi 15.1 na akawa mchezaji bora wa nchi. Desemba alichukua 28 katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky, ndani ya Rupp Arena. Wazee wa kwetu ambao maisha yao yote ni TP Mazembe walianza kuuliza ratiba ya mpira wa mikono. Tulichoka kuwasahihisha.

Basi ikaja Saint Peter's, Machi 2022. Chuo kidogo cha New Jersey, wamepangwa wa 15, sisi wa pili. Sebule imejaa, watoto wamekaa chini mbele ya televisheni. Oscar anafunga 30, anachukua ribaundi 16. Na tumefungwa 85 kwa 79 kwenye ova taimu! Mzee mmoja hakuelewa kabisa. "Yeye amefanya yote haya, sasa nani amefungwa?"

Aliyetuua ni Doug Edert, yule mwenye masharubu, pointi 20 akitokea benchi. Saint Peter's walikuwa wanabadilisha watu kila mara, wanaingia wakiwa wapya. Sisi tuliendelea na walewale mpaka miguu ikakataa. Ugomvi wa sebuleni haukuwa juu ya Oscar. Ulikuwa juu ya nani asimame pembeni yake dakika za mwisho, na kwa nini mpira hauendi kwake tena kila akiomba.

MtuWaEastlando

Katanga, poleni sana, lakini tuambie na ya 2023. Mimi nilikuwa naona kwa laptopu hapa Umoja. Kansas State walimwita Oscar juu kwa skrini (mtu wao anasimama kumziba mlinzi) kila saa, yeye akitoka tu, Markquis Nowell anapita. Futi 5 na inchi 8, jamaa mfupi kuliko dadangu, na akatupia Kentucky pointi 27. Oscar alikuwa na ribaundi 18 siku hiyo na bado wakapoteza. Ribaundi huja baada ya mtu kukosa. Sasa kama hawakosi?

KatangaWaLex

Ndugu, mtu wa skrini ana mwenzake wa kumfunika. Gadi akipitwa kila mara unamlaumu namba tano? Lakini sawa, na hapa Lexington waliokuwa wanasema kama wewe walikuwa wengi.

Mwanza_hadi_Iowa

Mimi sitasimulia ya kwenye televisheni. Nimecheza huko, chuo kidogo cha miaka miwili ambacho sitakitaja.

Nyumbani nilikuwa namba tatu. Futi 6 na inchi 6, nadunda, napiga kutoka pembeni, hakuna aliyenishangaa. Nilipofika kule kocha alinitazama juu mpaka chini, hakuniuliza chochote, akaniandika namba tano. Mazoezi ya kwanza msaidizi wake alibandika utepe wa bluu sakafuni, hatua mbili kutoka ringi, akaniambia kisigino changu cha kushoto kisitoke pale tukiwa tunalinda.

Watu hudhani kubadilishwa namba ni kubadilishiwa sehemu ya kusimama. Kinachobadilika ni mwili mzima. Ukiwa namba tatu unaangalia mpira. Ukiwa namba tano unaupa mpira mgongo nusu ya muda, unamtafuta mtu kwa makalio, kiwiko chake kiko mbavuni, na inabidi umsikie kabla hujamwona. Skrini nazo: lazima usimame kabisa kabla hujagongwa, ukisogeza goti kidogo tu refa anapuliza. Faulo zangu mbili za kwanza karibu kila mara zilikuwa hizo. Ukishapata mbili kipindi cha kwanza unakalishwa mpaka mapumziko, hiyo kwa makocha wengi wa kule ni kama amri.

Hilo la kukalishwa ndilo lililonikera kuliko namba yenyewe. Timu inapigwa, mimi nimekaa na taulo kichwani, nahifadhiwa. Nahifadhiwa kwa ajili ya lini? Mechi nyingine niliimaliza nikiwa na faulo tatu tu na dakika chache mno. Nilikwenda kumuuliza kocha kwa adabu kabisa. Alinijibu kwamba hana mrefu mwingine. Ndiyo jibu lote.

Mwaka wa pili alikuja kijana mrefu kuliko mimi nikarudishwa namba nne. Mkono wa kutupa ulikuwa umeshakuwa mzito.

BintiWaMsasani

Wanaume mnaongea kama vyuo vina timu moja tu. Nani alitazama timu ya wanawake ya South Carolina, ya kocha Dawn Staley?

Nusu fainali ya 2023, Iowa walimwachia Raven Johnson nafasi yote. Caitlin Clark alimpungia mkono kama anasema tupa tu, mwenyewe akarudi ndani kuziba njia. Iowa 77, South Carolina 73. Mdogo wangu alisema gadi asiyeogopwa kwa kutupa hafai namba moja, na nusu ya intaneti walisema hivyo.

Staley hakumwondoa. 2024 ni Iowa tena, safari hii fainali, Raven ndiye anamfuata Clark uwanja mzima. 87 kwa 75, msimu mzima hawakupoteza hata mechi moja. Na kuhusu benchi: siku ile waliotokea benchi wa South Carolina walifunga 37, wa Iowa sifuri. Kamilla Cardoso aliyetawala ndani alikuwa akitokea benchi mwaka uliotangulia, nyuma ya Aliyah Boston.

SijaliKimara

Dada umeua. Mimi naongeza wawili wa benchi haraka haraka. Devin Booker, Kentucky 2014-15, hakuanza mechi hata moja, maana Calipari alikuwa na vikosi viwili vizima vya kupokezana. Walishinda 38 mfululizo, Wisconsin wakawakata Aprili. Na Donte DiVincenzo, fainali ya 2018, pointi 31 kwa Villanova akitokea benchi. Anayelia kwamba mwanae haanzi aonyeshwe hizo.

MtuWaEastlando

Na wewe Kimara unamlinganisha mwanao na Booker?

KawempeNdani

Sisi Kampala tuna Khaman Maluach. Ni wa Sudan Kusini lakini amekulia hapa Kawempe, na 2024 alivaa jezi ya City Oilers kwenye BAL. Kwa hiyo Aprili 2025 Duke, chuo chake, walipokutana na Houston, tuliamka saa kumi kasoro usiku, baridi, mvua, tukakusanyika kwa jamaa mwenye jenereta.

Duke waliongoza kwa 14 kipindi cha pili. Cooper Flagg anafanya kila kitu, 27. Khaman, futi 7 na inchi 2, dakika 21, ribaundi sifuri. Sifuri! Houston hawakuwa na mrefu kama yeye. J'Wan Roberts na wenzake walimweka mgongoni kabla mpira haujagonga ringi, basi, anabaki kuruka nyuma ya watu. Duke wakafungwa 70 kwa 67.

Palepale sebuleni wakatokea wa kusema hakustahili kuanza. Nikawauliza, msimu mzima Duke wakipita juu ya watu kwa kurushiwa mpira hewani, mlikuwa mnashangilia nani? Lakini dakika tano za mwisho ningemtoa hata mimi. Siku hiyo walihitaji mtu wa kusukumana, na kimo hakisukumi.

MzeeWaRibaundi

Kawempe, umesema kwa haki. Sasa Kimara, wewe bado una deni langu. Uliwahi kuandika hapa kwamba Dan Hurley, kocha wa UConn, alibahatika na Purdue fainali ya 2024.

SijaliKimara

Nasema tena. Unamwachia Zach Edey, futi 7 na inchi 4, alindwe na mtu mmoja mmoja, anafunga 37, halafu unaitwa mwerevu?

MzeeWaRibaundi

UConn 75, Purdue 60. Purdue walirusha mitupo ya pointi tatu 7 tu, wakaingiza mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Clingan wa UConn anapambana na Edey, wengine wanne hawaondoki kwa watu wao hata akipigwa. Ungempeleka wa pili, ungemwacha nani peke yake? Fletcher Loyer? Braden Smith?

SijaliKimara

Lance Jones. Mwache atupe.